Kofia Chini ya Kufuli

Ukitaka kumjua Xavérine Mukamusoni, usimwangalie akichomelea vyuma. Mwangalie akinunua nyanya. Nyanya moja ataigeuza, ataibonyeza, ataipeleka puani, kisha atamtazama muuzaji usoni kana kwamba wamewahi kukutana mahakamani. Mwisho ataingiza mkono chini kabisa ya fungu na kuchukua ya huko, kwa sababu anajua, na hakuna wa kumtoa kwenye hilo, kwamba iliyowekwa juu imewekwa juu kwa hila. Mara nyingi ile ya chini ndiyo iliyooza. Anaipika hivyo hivyo na hasemi kitu.

Kazi yake ni mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Karakana yake, au atelye kama wasemavyo watu wa Gisenyi, iko Nengo, chumba kimoja chenye giza na uwanja mdogo mbele yake. Nyumba nyingi za mjini zinalala nyuma ya mageti aliyoyatengeneza yeye, na wenye nyumba huwa wanacheka wakigundua kwamba Mama Uwera, kama wanavyomwita, ameweka komeo moja zaidi ya yale waliyoagiza. Mwenyewe hawadai chochote kwa hilo komeo. Yeye anaona tu kwamba geti lenye komeo moja ni mlango wa kukaribisha wezi.

Na wasiwasi huo hakuuokota barabarani. Baba yake, mzee Aloys, alikuwa mchomeleaji kule Goma kabla familia haijarudi Rwanda. Alikuwa na kioo cheusi kizuri, kizito, ambacho alikitia kwenye ngao yake ya mkononi ya kukinga uso, na hakuna mwanga wa moto uliopenya. Siku moja mwenzake wa kazi alikitoa kile kioo kimya kimya, akaweka mahali pake kipande cha chupa alichokipaka moshi wa kibatari. Mzee hakujua. Alifanya kazi nacho msimu mzima, machozi yakimtoka kama anakata vitunguu, akidhani ni vumbi la volkano. Familia iliporudi Gisenyi mzee alikuwa haoni tena, anashikwa mkono, na mkono ulikuwa wa Xavérine, binti mdogo aliyekuwa akimweleza baba yake nani amesimama mlangoni na amekuja na uso gani.

Mzee alimfundisha kazi kwa kusikiliza mlio wa moto tu, na alimfundisha vizuri. Lakini kila somo lilikuwa na mkia wake. Jicho halina pièce de rechange, halina spea, alikuwa akimwambia. Na mwenzako akikuchekea, hesabu vifaa vyako. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu wetu alirithi mshtuko bila hata kutafunwa. Alikua akiogopa kitu kimoja duniani, siku ambayo Uwera, binti yake, atamshika mkono na kumwambia nani amesimama mlangoni.

Sasa, mtu wa namna hiyo angefaa kufanya kazi peke yake. Lakini kodi ya chumba haikumruhusu, kwa hiyo alimkaribisha Rutagengwa. Huyo ni bwana mrefu, mpole, aliyekulia Tanzania na anayezungumza Kiswahili kama cha mtangazaji wa redio. Hilo peke yake lilimtia Xavérine mashaka. Mtu anayesema "tafadhali" akiomba nyundo, alijiuliza, anaficha nini? Waligawana mahali. Xavérine alichukua chumbani, karibu na vitu vyake. Rutagengwa alichukua uwanjani, akapigilia msumari kwenye ukuta wa nje, na kila jioni alitundika pale kofia yake ya kuchomelea, wazi, barabara ikipita mbele. Xavérine alikuwa akiutazama ule msumari na kutikisa kichwa. Mtu asiyeogopa kuibiwa, kwa hesabu yake, ama ni mjinga ama ni mwizi, na Rutagengwa hakuonekana mjinga.

Miaka ikaenda hivyo, bila ugomvi. Kisha ikaja kazi ya ziwani. Nyumba moja ya wageni ufukweni ilitaka vyuma vya kuzungushia baraza lake lote, na Xavérine, aliyezoea giza la chumba, alitakiwa kuchomelea nje, jua juu na maji ya Kivu yakirudisha mwanga kutoka chini. Ngao yake ya zamani ya kushika mkononi isingefaa. Mkono mmoja ungeshika ngao, mmoja ungeshika moto, na chuma kingeshikwa na nani? Ilibidi atafute kofia ya kuvaa kichwani, na tena moja itakayofaa nje ziwani na ndani ya chumba, maana hakuwa mtu wa kununua kitu mara mbili.

Alianzia duka la vifaa la pale mjini. Muuzaji alimletea aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na kioo cheusi cha kawaida, kile kisichobadilika. Hiyo aliielewa. Lakini ndani ya chumba chake, kioo hicho kikishuka, huoni hata ncha ya kijiti chako cha kuchomelea mpaka moto uwake. Unalenga kama kipofu na kuishusha kofia kwa kutikisa shingo siku nzima. Ya pili ilikuwa ya otomatiki. Kioo chake kinabaki cheupe, unaona kazi yako yote, na moto ukiwaka tu chenyewe kinakuwa cheusi kabla hujapepesa.

"Na kinajuaka aje kama moto imewaka?" Xavérine aliuliza.

Muuzaji alimwonyesha vijicho vidogo vya mbele, akawasha kiberiti cha gesi, kioo kikafanya giza. Xavérine alikichukua akatoka nacho nje, akakielekeza juani. Kikafanya giza tena. Hapo akapata alichokuwa akikitafuta, yaani kasoro. Kumbe kinadanganyika na jua! Muuzaji akamweleza kwamba ndani kuna kitufe cha kuzungusha. Ukiwa nje unakipunguza makali ili kisishtushwe na jua, ukiwa ndani unakiongeza ili kiuone moto hata mdogo. Alieleza vizuri, kwa subira, akitabasamu, na tabasamu ndilo lililoharibu biashara. Xavérine aliirudisha kofia kaunta akaaga. Anayecheka kabla hajalipwa, alijiambia njiani, ana lake jambo.

Bon, mtu wa kuaminiwa alibaki mmoja, wifi yake Murekatete. Naye si kwamba aliaminiwa, ila alikuwa anajulikana uongo wake wote. Murekatete alivuka mpaka wa Petite Barrière kila siku ya Mungu na viazi vya Nyakiriba kichwani, akarudi na vitenge au sabuni au chochote ambacho Goma imekitoa siku hiyo. Alilijua duka moja kule lenye kofia za otomatiki. Jioni moja akarudi nayo, na hakuibeba mkononi. Aliivaa. Alipita mpakani amevaa kofia ya kuchomelea, beseni juu yake, na watu wote wa foleni walicheka hadi wakamwachia njia.

Xavérine aliichunguza kofia ile kama daktari anayepokea maiti. Hakukuta kasoro, jambo lililomkera kidogo. Akafanya kitu kimoja cha akili sana, kwa maana huyu mama, pamoja na wasiwasi wake, kazi anaijua. Alijua kwamba ukifanya kazi nje umeligeuzia jua mgongo, mwanga utaingia kwa nyuma ya kofia na kupiga kwenye kioo upande wa ndani, uone uso wako mwenyewe badala ya chuma. Akakata kitenge cha zamani chenye maua ya njano, akakishona nyuma ya kofia kama pazia la kufunika shingo. Sasa hata nikiibiwa, alifikiri, nitaitambua kofia yangu popote.

Kazi ya ziwani ikaenda vizuri kuliko ndoto. Kofia haikumwangusha hata mara moja. Alichomelea mwezi mzima, ziwa likimeremeta, na jioni akirudi nyumbani macho yake yalikuwa makavu na mepesi. Kwa mara ya kwanza maishani alifanya kazi bila kuwaza macho ya mzee Aloys. Aliipenda kofia ile, na ukipenda kitu ndipo hofu ya kukipoteza inapozaliwa.

Siku aliporudi nayo Nengo, Rutagengwa aliishika, akaigeuza, akasifu lile pazia la kitenge. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama Uwera, usiifungie ndani. Itundike nje hapa, karibu na yangu. Hizi kofia zinataka jua."

Basi! Ungemwona Xavérine. Moyoni kengele zote zililia. Itundike nje, karibu na yangu. Ili iweje? Ili asubuhi moja ziwe zimebadilishana? Maana kofia ya Rutagengwa ilikuwa otomatiki vilevile, ila kuukuu, kioo chake kina mikwaruzo. Mwenzake wa baba naye alianzaga hivyo, kwa maneno matamu. Jioni ile ile aliifunga kofia kwenye kitenge kizima, akakifunga fundo, akaitia kwenye sanduku la chuma alilolichomelea kwa mikono yake, akaweka kufuli. Na juu ya kufuli akapitisha uzi mwembamba mweusi, ili mtu akifungua, uzi ukatike na yeye ajue. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaenda zake kulala kwa raha.

Ikaja mvua ndefu, kazi zikawa chache na ndogo, nazo akazimaliza kwa ngao yake ya zamani ili kofia isichakae. Kila asubuhi alikagua uzi, na kila asubuhi uzi ulikuwa mzima. Badala ya kumtuliza, hilo lilimtia shaka zaidi. Huyu Rutagengwa ni mjanja kuliko nilivyodhani, aliwaza.

Halafu ile ngao ya zamani ikaanguka, kioo chake kikapasuka. Siku hiyo hiyo kulikuwa na geti la kumaliza, mwenyewe angekuja kulichukua jioni. Xavérine akaukagua uzi, mzima, akafungua sanduku, akakunjua kitenge, akavaa kofia. Akazungusha kile kitufe hadi mwisho, kama inavyotakiwa ndani ya nyumba. Akagusisha kijiti kwenye chuma.

Mwanga mweupe ulimpiga usoni kama kofi. Kioo hakikufanya giza. Akajaribu tena, kikapepesa kidogo, kikakata tamaa. Mara ya tatu aliivua kofia na kuitupa mezani, maana katika ile nukta ya mwanga alikuwa amemwona mzee Aloys na kipande chake cha chupa. Imebadilishwa, alisema moyoni. Kofia ni yangu, kitenge ni changu, lakini kioo amekitoa.

Rutagengwa alikuwa ameona kutoka uwanjani. Akaitoa kofia yake msumarini, akaja nayo hadi mlangoni, akamnyooshea. Chukua yangu umalize, alimwambia, yeye atapumzika. Na hapa, msomaji, ndipo ninapotamani ningekuwepo nimshike huyu mama mabega. Kofia nzima, inayofanya kazi, inanyooshwa kwa mkono wa mtu mpole. Lakini yeye aliona nini? Aliona mtego. Nikichukua yake, aliwaza, kesho atasema tumebadilishana kwa hiari. Akasema hapana, hahitaji kitu cha mtu. Akageuza uso pembeni, akafumba macho kwa nguvu kama wafanyavyo wahuni wa kazi hii, akamalizia viungio vyote vilivyobaki kwa kupapasa, moto mtupu ukiwaka karibu na shavu lake. Baba yake angemchapa.

Mwenye geti alipoondoka, Xavérine alimgeukia Rutagengwa. Macho yalikuwa bado hayajaanza kuuma.

"Kioo yangu uliipeleka wapi?"

Rutagengwa hakuelewa. Akarudia: kioo kizuri cha kofia yake, amekipeleka wapi, na hiki kibovu amekitoa wapi. Yule bwana alilitazama sanduku. Alipojibu, alijibu polepole.

"Uzi wako ulikuwa umekatika?"

Xavérine hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za uzi.

"Muda wote huo nafagia chumba hiki," Rutagengwa akasema, "nalizunguka sanduku lako taratibu nisije nikaukata. Nilijua ukikatika, utanifikiria mimi."

Akaingia, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa saruji. Akachukua kofia yake akaondoka. Msumari akauacha ukutani. Xavérine, kwa mazoea, akaifunga tena kofia kwenye kitenge, akaitia sandukuni, akaweka kufuli na uzi.

Magharibi ilipofika, macho yakaanza kuuma. Kwanza kama mchanga, kisha kama pilipili, kisha Xavérine hakuweza kuyafungua kabisa. Murekatete alimpeleka kituo cha afya, muuguzi akamtia dawa ya matone, akasema yatapona kwa kupumzika, ila asirudie ujinga ule, kwa kuwa macho hayasamehe kila mara. Nyumbani Murekatete alimlaza, akakata viazi vipande vyembamba akamwekea juu ya kope, kama wanawake wa wachomeleaji walivyofanya tangu zamani. Xavérine alilala gizani na kulia, na machozi yenyewe yaliuma. Aliogopa sana. Kila aliposikia mlango ulibidi aulize nani.

Lakini hofu haikumzuia kutuhumu. Alipomalizana na Rutagengwa, alimwanza wifi yake. Labda hata kofia yenyewe ilikuwa feki tangu Goma, alimwambia, labda wewe na yule mwenye duka mlinila. Murekatete, aliyezoea, alibadilisha kipande cha kiazi kwanza ndipo akajibu.

"Yule mwenye duka mi namujua. Kofia zake hazikufaka. Kila asubuhi anazitoaka inje, anazipanga kwa jua kama mutu anaanika mihogo. Mi nilifikiri ni ya kuonyesha bakiriya, batu ba kununua." Akafikiri kidogo. "Yako unaiwekaka wapi?"

"Kwa sanduku."

"Wazi?"

"Ndani ya kitenge."

Chini ya vile viazi, macho yakiwa yamefumbwa, Xavérine alianza kuona. Mwezi mzima ziwani kofia ilikuwa juani, ikijaza betri yake kwa jua, haikumwangusha. Mvua yote imekaa gizani, imefungwa kitenge, imetiwa kufuli, na kufuli limetiwa uzi. Hizi kofia zinataka jua. Aliambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko vyote vya Nengo, na yeye akasikia mwizi akijitangaza. Hakuna aliyegusa kioo chake. Aliyekiua kwa njaa ni yeye, kwa mikono yake, kila asubuhi akikagua uzi.

"Ayiwe," alisema taratibu. "Nimemufukuza mutu."

Alipoweza kufungua macho, mekundu na yenye ukungu, alivaa miwani ya jua ya Murekatete akaenda Nengo peke yake. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Akakata uzi kwa meno. Akafungua sanduku, akakunjua kitenge, akatoka na kofia uwanjani na kuitundika kwenye msumari wa Rutagengwa, kioo kikitazama mbinguni. Akakaa kwenye jiwe kuilinda. Kila aliyepita barabarani, Xavérine alimtazama kama mshitakiwa. Jua lilipopanda aliichukua, akaingia nayo gizani, akaivaa, akafumba macho yake mabovu na kugusisha kijiti mara moja tu. Hata kwenye kope zilizofumbwa alijua. Giza lilikuwa limeshuka mahali pake, laini, kama zamani.

Akairudisha msumarini. Akafunga mlango wa chumba. Alisimama hapo muda mrefu, ufunguo mkononi, akiitazama kofia, kisha barabara, kisha kofia. Alienda hatua chache akarudi. Akaenda tena. Safari hii alisimamisha pikipiki akapanda haraka, kabla moyo haujabadilika.

Rutagengwa alikuwa amepata mahali pa kufanyia kazi kwenye karakana moja ya huko Nyundo. Alikuwa anapinda nondo alipomwona Xavérine akishuka, miwani kubwa usoni. Alimsalimia kwa heshima kama kawaida, akamwuliza habari za macho, na hapo hakumwambia karibu wala ondoka. Xavérine alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakamkimbia.

"Iko nafanya kazi," alisema. "Ile kofia. Ulisemaka kweli."

Rutagengwa akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye nondo zake. Akauliza bila kumtazama, "Umeirudisha sandukuni?"

"Hapana. Iko inje. Kwa musumari yako."

Mikono ya Rutagengwa ikasimama. "Saa hizi? Iko nje sasa hivi?"

"Ndiyo, saa hizi."

"Nani anailinda?"

"Hakuna mutu," Xavérine akasema, na hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko yote aliyowahi kuyafanya.

Rutagengwa alimtazama mama yule, macho yakivuja machozi chini ya miwani ya wifi yake, mikono mitupu. Akaweka nondo chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua mfuko wake wa saruji na kofia yake.

"Twende upesi, Mama Uwera," akasema. "Kofia mpya, barabarani, mchana kweupe? Wataiiba hiyo."

Na akaanza kupunga mkono kuita pikipiki kabla Xavérine hajamaliza kuomba msamaha.